Seyyid Said bin Sultan kwa Kiingereza: uchambuzi wa kisa cha mtawala mmoja aliyeitwa majina matano

Rasimu iliyoletwa mezani kwangu ilikuwa ya kijitabu cha kurasa 24, cha Kiingereza, kilichokusudiwa kuuziwa wageni wanaoutembelea Mji Mkongwe wa Unguja. Mwandishi wake alikiandika kwanza kwa Kiswahili, na Kiswahili chake hakina dosari ya kusemea, kisha akakifasiri mwenyewe. Mimi niliombwa kunyoosha lugha tu, kazi ya siku mbili. Siku ya kwanza haikufika adhuhuri kabla sijakwama, kwa sababu katika kurasa nne za mwanzo mtawala yule yule, aliyezaliwa 1791 na kufariki 1856, alikuwa ametajwa kama "Sultan Said", kisha "King Said", kisha "Imam Said", kisha "Bin Sultan" peke yake kama vile ni jina la ukoo, na mwishowe "Said, the son of the Sultan". Mgeni asiyeijua historia ya pwani hii angehesabu watu watano, na asingelaumiwa.

Nilianza na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo lililobadilisha historia yenyewe. Kwa Kiswahili mwandishi aliandika "Seyyid Said bin Sultan", na hapo hapana msomaji wa Unguja wala wa Mombasa atakayetatizika. Alipovuka kwenda kwenye Kiingereza aliona ni vyema amsaidie mgeni kwa kulifasiri neno "bin", akapata mtoto wa sultani. Lakini Sultan hapa si cheo. Ni jina alilopewa baba yake siku alipozaliwa. Baba huyo ni Sultan bin Ahmad, aliyeitawala Maskati tangu 1792 hadi alipouawa baharini mwaka 1804, na muda wote huo alikuwa Seyyid Sultan, hakuwa "Sultani Sultan". Kwetu jambo hili ni la kila siku: mtu huitwa Waziri na asikanyage ofisi ya serikali maisha yake yote, na mitaani wamejaa akina Amiri, Khalifa na Sultani wanaouza samaki na kufundisha hesabu. Kiingereza nacho kinao watu wanaoitwa King na Bishop, ila msomaji wake amezoea kukuta majina hayo mwishoni, mahali pa ukoo. Akiona neno "sultan" katikati ya habari za ikulu, mkono wake unakwenda kwenye taji.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza Kiingereza kinataka nini, ilinibidi niliweke jina lote mezani na kulichambua kipande kwa kipande. Kwa ukamilifu wake ni Seyyid Said bin Sultan bin Ahmad Al Busaidi. Seyyid ni cheo cha heshima. Said ndilo jina lake hasa. Kinachofuata "bin" ni nasaba, yaani baba na babu, na Al Busaidi ni nisba, yaani neno linalomhusisha mtu na ukoo wake. Makosa yote matano ya rasimu, ukiyatazama kwa makini, yalitokana na kukihamisha kipande kimoja na kukipa kazi ya kingine: jina la baba likafanywa cheo, au nasaba ikafanywa ukoo, au cheo cha mtu mwingine kikavishwa yeye.

Cheo na jina lenyewe vinapakana kiasi cha kuchanganya hata watu wenye macho mazuri. Kwa Kiarabu, seyyid huandikwa kwa sini, ya na dali. Said huandikwa kwa sini, ain, ya na dali. Ni maneno mawili yasiyohusiana, la kwanza likiwa na maana ya bwana au mkuu, la pili likiwa na maana ya mwenye heri. Kiswahili hakina ain katika matamshi yake ya kawaida, Kiingereza nacho hakina, basi ile herufi inayoyatenganisha inapotea njiani na maneno yanabaki yakifanana kama pacha. Makarani wa Kiingereza wa karne ya 19 waliandika Syed, Syud, Saeed na Syeed, na mara nyingine huwezi kujua kama karani anaandika cheo au jina mpaka uangalie kipi kimetangulia. Kwa kijitabu cha leo nilichagua "Sayyid" kwa cheo na "Said" kwa jina. "Seyyid", kama tunavyoandika sisi, si kosa kwa Kiingereza, maana vitabu vingi vya Kiingereza kuhusu Zanzibar vinalitumia. Sharti ni moja tu, ukichagua moja uende nalo hadi ukurasa wa mwisho.

Hapo hapo niliongeza sentensi fupi ya maelezo, kwa sababu neno hili lina mtego wake. Msomaji aliyetembea Lamu, au anayezifahamu habari za Hadhramaut, anajua kuwa sayyid ni sharifu, mtu wa kizazi cha Mtume. Katika nyumba ya Al Busaid ya Omani maana si hiyo: ni cheo cha watu wa familia inayotawala. Bila ya sentensi ile, mgeni mwenye elimu kidogo angeondoka na kosa kubwa kuliko mgeni asiye na elimu kabisa.

Kisha likaja suala la "Sultan Said", ambalo mwenye kijitabu alilipigania kweli. Aliniita kwenye simu akasema, "Mwalimu, wageni wanalijua neno sultan. Hilo sayyid nani atalielewa? Na watu wote wanasema Sultan Said." Hoja yake ilikuwa na uzito na sikutaka kuipuuza. Ni kweli kwamba Waingereza na Wamarekani walimwita Sultani wa Maskati yeye akiwa hai, na ni kweli kwamba vitabu vya Kiingereza vya heshima vinamwita hivyo hadi leo. Siwezi kusema kwamba anayeandika "Sultan Said" amekosea kama alivyokosea aliyeandika "mtoto wa sultani". Hata hivyo nilimpa sababu mbili za kuliacha.

Ya kwanza ni ya tarehe. Said alipofariki mwezi Oktoba 1856, ndani ya meli yake Victoria akiwa safarini kutoka Maskati kurudi Unguja, hapakuwa na dola iliyoitwa Usultani wa Zanzibar iliyotengana na Omani. Palikuwa na milki moja yenye pande mbili za bahari. Wanawe Thuwaini na Majid ndio waliogawana, mmoja Maskati na mwingine Unguja, na ugomvi wao uliamuliwa na Lord Canning, mkuu wa utawala wa Waingereza huko India, kwa hukumu yake ya 1861 iliyozitenga pande hizo na kuitaka Zanzibar iilipe Maskati dola 40,000 kila mwaka. Kuanzia hapo cheo cha Sultani wa Zanzibar kina nchi yake mahususi, na Majid ndiye wa kwanza kukikalia kwa maana hiyo. Kijitabu kilikuwa na ukurasa mzima juu ya mgawanyiko huu, lakini kwa kuwa kilishamwita baba "Sultan of Zanzibar" tangu ukurasa wa pili, msomaji hakuwa na njia ya kuelewa ni kitu gani kilichogawanywa.

Ya pili ndiyo iliyomnyamazisha mwenye kijitabu, kwa sababu wateja wake wengi siku hizi ni Waomani wanaokuja kutazama makaburi na majumba ya mababu. Mtu wa Maskati akisoma "Sultan Said" kwa Kiingereza, atakayemjia akilini ni Said bin Taimur, baba yake Qaboos, aliyetawala tangu 1932 mpaka alipopinduliwa na mwanawe mwaka 1970. Hao ni watu wawili wa ukoo mmoja wenye jina moja, na kati ya kufariki kwa mmoja na kutawala kwa mwingine ni zaidi ya miaka 70. Tena yupo Said wa tatu, Said bin Ahmad, ami yake mtawala wa masimulizi yetu, naye alikuwa imamu. Katika ukoo ambao jina Said linarudi hivi kila baada ya vizazi viwili, kumwita mtu "Sultan Said" na kuishia hapo ni kama kumtafuta Juma msikitini siku ya Ijumaa.

Huyo imamu ndiye anayetufikisha kwenye "Imam Said". Uimamu wa Kiibadhi, madhehebu ya Kiislamu ya watawala hao wa Omani, haurithiwi kama nyumba. Imamu huchaguliwa na wanazuoni na wakuu wa makabila, kisha hupewa bai'a, yaani kiapo cha utii. Ahmad bin Said, mwasisi wa utawala wa Al Busaid, alichaguliwa, na mwanawe Said bin Ahmad akamfuatia katika cheo hicho. Said bin Sultan hakuchaguliwa kuwa imamu wakati wowote, na hata baba yake hakuwa imamu. Wageni ndio waliozoea kuwaita watawala wa Maskati kwa cheo cha wale wa mwanzo, wakaendelea nacho miaka mingi baada ya maana yake kuondoka.

Lakini hapa mhariri mwenye pupa anaweza kuharibu, na mimi nusura niharibu. Mwaka 1836 Said alimzawadia mfalme William IV wa Uingereza manowari iliyoitwa Liverpool, iliyoundwa Bombay na yenye mizinga zaidi ya 70. Waingereza wakaipokea, wakaibadilisha jina kwa heshima ya aliyeitoa, wakaiita Imaum, kwa tahajia hiyo hiyo yenye "u" katikati. Meli ile ikaishia kutia nanga Port Royal huko Jamaika, ikiwa imebeba ubavuni cheo ambacho mtoaji wake hakuwa nacho. Nilipoipitia rasimu mara ya kwanza, kalamu yangu ilikata "Imaum" nikaandika "Imam", na pembeni nikaongeza kwamba cheo si sahihi. Ilinibidi nirudi kufuta. Cheo alichopewa mtu na mwandishi wa leo kinasahihishwa. Jina la meli halisahihishwi, kwa sababu lilikwishakuwa jina, na kosa lenyewe ni ushahidi wa jinsi London ilivyomfahamu mtu wa Unguja. Ndivyo ilivyo pia kwa nukuu za mikataba na barua za zama hizo: ndani ya alama za kunukuu tahajia inabaki kama ilivyo, hata ikiwa "Syeed", na maelezo yanawekwa nje.

"King Said" halikunichukua muda. Chanzo chake ni Kiswahili chetu, ambamo "mfalme" ni neno pana: tunamwita mfalme yeyote anayekaa juu ya kiti cha enzi, awe wa Uingereza, wa Moroko au wa hadithini. Kiingereza hakina upana huo linapokuja suala la cheo kilichobandikwa mbele ya jina. "King" mbele ya jina ni cheo rasmi, na hakuna mtawala wa Unguja aliyekuwa nacho. Hata walipokuwa masultani kamili, Waingereza waliwatambua kwa "His Highness", daraja ya chini ya ile waliyomwekea mfalme wao wenyewe. Mwandishi akitaka neno pana kwa Kiingereza, analo "ruler", nalo huandikwa kwa herufi ndogo. Vivyo hivyo "sultan": ikitangulia jina inaanza kwa herufi kubwa, ikisimama peke yake katika sentensi inatosha kuwa ndogo. Rasimu iliipa herufi kubwa kila mahali, kwa adabu nadhani, na adabu hiyo ndiyo iliyozidi kuwachanganya Sultan aliye baba na sultani aliye mtawala.

Sasa "Bin Sultan". Kosa hili halikuanzia kwa mwandishi. Lilianzia kwenye jedwali. Alikuwa ameorodhesha picha zake katika jedwali la kompyuta lenye safu mbili za lazima, jina la kwanza na jina la mwisho, na aliyeliandaa alikata kila jina kwenye "bin". Faharasa ya kijitabu ikatengenezwa kutoka humo. Nikaikuta imempanga Said chini ya herufi S kama "Sultan, Said bin", na wanawe Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wote wanne waliotawala Unguja kwa kupokezana, wamekaa pamoja chini ya "Said". Kwa kizazi hicho jedwali lilionekana limepatia, maana ndugu wanne walikuwa na "ukoo" mmoja. Lilipofika kwa wajukuu ndipo lilipoumbuka: Hamad bin Thuwaini alikwenda kwenye T, Khalid bin Barghash, yule wa vita vya Agosti 1896, akaenda kwenye B, na Hamoud bin Mohammed kwenye M. Familia moja ya kifalme ikatawanyika alfabeti nzima.

Kinachonishangaza ni kwamba Kiingereza chenyewe kinao utaratibu unaofaa, na tunausahau kwa sababu fomu zimetuzoesha vingine. Raia kwa Kiingereza hutajwa kwa jina la ukoo anapotajwa mara ya pili, lakini mfalme hutajwa kwa jina lake mwenyewe. Hakuna anayemwita Malkia Victoria kwa ukoo wake, wala William IV. Kwa kanuni hiyo hiyo Barghash ni "Barghash", Majid ni "Majid", na mtawala wetu ni "Said" au "Sayyid Said". "Bin Sultan" peke yake halikubaliki kwa desturi ya Kiarabu, ambako ni nusu ya maneno, wala kwa desturi ya Kiingereza ya wafalme. Kwenye faharasa basi anaingia kama "Said bin Sultan", bila mkato wa kugeuza, na "bin" inabaki herufi ndogo. Wapo wanaopendelea "ibn" katika maandishi ya kitaalamu, lakini Omani na pwani yetu husema "bin", na kumwandika mtu tofauti na watu wake wanavyomtamka kunahitaji sababu ambayo mimi sikuipata.

Ukoo wenyewe, ukihitajika, ni "Al Bu Said" kwa nyumba nzima na "al-Busaidi" kwa mtu mmoja. "Al" ya kwanza ina herufi kubwa na haina kistari kwa kuwa ni neno kamili lenye maana ya jamaa au nyumba. Ya pili ni kiambishi tu. Rasimu ilikuwa na aina nne za kuliandika, nikazipunguza kuwa hizo mbili.

Faida ya nasaba ilionekana wazi kwenye picha moja ya ukurasa wa 17. Inamwonyesha mzee mwenye ndevu nyeupe na kilemba, amesimama kando ya gari, na chini yake pameandikwa "Sultan Khalifa, 1888–1890". Huyo wa 1888 ni Khalifa bin Said, na wakati wake Unguja haikuwa na gari la kusimama kando yake. Wa kwenye picha ni Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960, na ambaye wazee wa mjini bado wanamwita Seyyid Khalifa tu bila ya kuongeza neno. Mwandishi alipendekeza tutumie namba, Khalifa wa Kwanza na wa Pili, kama Waingereza wanavyofanya kwa akina George, na orodha nyingine za Kiingereza hufanya hivyo. Nilikataa. Namba inafaa pale ambapo wenyewe waliitumia; hapa kazi ya kutofautisha ilikwishafanywa na jina la baba, na "Khalifa bin Harub" inamwambia msomaji jambo la ziada, kwamba kiti kilikuwa kimetoka kwenye mstari wa Hamoud na Ali mwanawe kikaenda kwa tawi jingine. Namba ingelificha hilo.

Palibaki tatizo moja ambalo ni la Kiingereza peke yake. "Said" kwa Kiingereza ni pia kitenzi, "alisema", na kila sentensi iliyoanza kwa jina hili ilimfanya msomaji aanze kusoma kitenzi kisha arudi nyuma. Mahali pamoja rasimu ilikuwa na "Said said", ambayo hata ukiisoma kwa sauti inachekesha. Dawa ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa kuirudisha ain kwa ritifaa, "Sa'id", nikaiagiza programu ya kuandikia ibadilishe kijitabu chote kwa mara moja, bila kuiambia itofautishe herufi kubwa na ndogo. Nusu saa baadaye nilikuta waongoza watalii, mabaharia na mabalozi wote "wame-Sa'id" jambo fulani, na alama zenyewe zimejipinda, nyingine kulia, nyingine kushoto. Nikafuta yote. Suluhisho lililobaki lilikuwa rahisi kuliko hilo: jina lisianze sentensi bila cheo mbele yake, na kitenzi "said" kisitumiwe kwake hata mara moja, maana kwa Kiingereza mtu anaweza pia kuandika, kuagiza, kukataa na kujibu.

Hivyo mtajo wa kwanza katika kijitabu ukawa "Sayyid Said bin Sultan, ruler of Oman and Zanzibar", ukifuatiwa na miaka yake na ile sentensi ya kueleza kwamba Sultan lilikuwa jina la baba yake. Baada ya hapo ni "Sayyid Said" kote. Cheo cha "Sultan" kinaanza kwa Majid na kuendelea hadi kwa Jamshid, sultani wa mwisho wa Zanzibar. Mwenye kijitabu alikubali, ila aliomba neno "sultans" libaki kwenye jina la kijitabu, kwa wingi, kwa ajili ya biashara, nami sikuona ubaya kwa kuwa wengi wa waliomo walikuwa masultani kweli.

Tulidhani tumemaliza. Wiki ya pili msanifu wa kurasa akaniletea jalada la mbele, lenye picha ya mtawala na chini yake jina lake lote kwa herufi kubwa tupu, SAYYID SAID BIN SULTAN, maneno matatu makuu yenye urefu unaokaribiana na hakuna tena herufi ndogo ya "bin" ya kuonyesha jina linaishia wapi na baba anaanzia wapi. Nikamwonyesha jirani yangu, mwalimu wa Kiingereza, nikamuuliza anasoma nini. Akasema anaona sultani aitwaye Sayyid. Tukaliondoa jina la baba kwenye jalada, tukaliacha ndani lilikoelezwa, na hapo chini ya picha pakachapwa SAYYID SAID, 1791–1856.